Mchungaji naye ashone mahema?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimo kwenye kamati ya fedha kanisani kwetu. Posho ya mchungaji huwa tunampa ikibaki, na juzi haikubaki. Nilipouliza, mzee mmoja akasimama akasema Paulo alishona mahema akahubiri bure, basi na wetu atafute kazi ya mikono. Watu wakapiga makofi. Nilinyamaza kwa kukosa jibu, ila moyo haujatulia. Mzee yule yuko sahihi?
Mjumbe aliyenyamaza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa mhazini wa usharika miaka 14, hayo makofi nayajua.

Paulo alishona mahema kweli. Matendo 18 inamkuta Korintho kwa Akila na Prisila, mafundi wenzake. Lakini mzee wetu kafunga Biblia mapema mno. Mstari wa 5 wenzake Sila na Timotheo wanafika kutoka Makedonia, na tangu hapo Paulo anazama katika neno. Baadaye anawaandikia Wakorintho wenyewe (2 Kor. 11:8-9) kwamba alipopungukiwa akiwa kwao, ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji, tena anasema aliyanyang'anya makanisa mengine ili awahudumie wao. Injili ya bure ya Korintho ililipiwa na watu wa mbali.

Halafu soma 1 Wakorintho 9. Kabla ya kusema hakuchukua kitu, anatumia nusu ya sura kuthibitisha kuwa alistahili: askari haendi vitani kwa gharama zake, mchunga kundi hunywa maziwa yake, hata ng'ombe apuraye nafaka hafungwi kinywa. Kisha anasema Bwana ndiye aliyeagiza wahubirio Injili waishi kwa Injili. Paulo alisamehe deni lake. Mdai ndiye husamehe, mwanangu. Mdaiwa hajisamehei mwenyewe, hata akipigiwa makofi.

Sisi kwenye mihutasari yetu posho ilikuwa chini ya "Mengineyo", baada ya ufagio na funguo za stoo. Jioni moja nikiwa nahesabu sadaka, mchungaji akasimama mlangoni akaulizia daftari la ubatizo. Daftari lile hukaa ofisini kwake. Nikampa kiti. Akaongea hili na lile, macho kwenye sakafu, mwisho akasema taratibu, "Mhazini, kuna chochote?" Kesho yake alikuwa na maziko na hakuwa na nauli. Mezani mbele yangu palikuwa na sarafu zimepangwa kumi kumi, na sikuwa na ruhusa ya kumpa hata moja, kwa kuwa kamati haikuwa imekaa. Nilitoa kwenye pochi yangu. Wiki ile ile kamati ikapitisha vipaza sauti vipya. Vilikuwa vizuri, sikatai.

Kilichofuata ndicho kilichonifumbua macho. Muumini mmoja mwenye uwezo akaanza kumpelekea mchungaji bahasha nyumbani. Wakati huo tulikuwa tunafundishwa waraka wa Yakobo, sura kwa sura. Sura ya 4 ikaisha. Jumapili iliyofuata tukajikuta kwenye 1 Petro. Kafungue Yakobo 5:4, uone inasema nini kuhusu ujira wa vibarua uliozuiliwa. Vibarua wa yule bwana walikuwa wanakaa viti vya nyuma, na walikuwa wanamdai. Sijui kama mchungaji alifanya makusudi, sikuwahi kumuuliza. Ila sisi ndio tuliomwacha mikononi mwa bahasha.

Nehemia 13 Walawi, wahudumu wa hekalu, hawakupewa mafungu yao, wakakimbilia kila mmoja shambani kwake. Nehemia aligombana na viongozi. Walawi hakuwakemea.

Najua wapo wanaogeuza madhabahu kuwa duka. Didake, andiko la Wakristo wa mwanzo, linasema mtume mgeni anayeomba fedha ni nabii wa uongo; andiko hilo hilo linasema nabii wa kweli anastahili chakula chake. Kwa hiyo wekeni kiasi kinachojulikana na tarehe yake. Mhazini alipe, mchungaji asishike sadaka, na hesabu zisomwe mbele ya washarika. Paulo naye alipobeba changizo alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Na kama usharika ni mdogo, hauna uwezo, mkae naye mkubaliane siku za kazi yake na siku za huduma, bila kumlaumu kwa kutopatikana siku zisizo zenu.

Kikao kijacho omba posho itoke "Mengineyo" ije juu, kabla watu hawajaanza kutazama saa. Ukipewa nafasi, soma ule mstari wa 5 wa Matendo 18. Usiusome kwa kumsuta. Yule ni mzee wako, na huenda hajawahi kuufikia.