Ukifika Granada, Usiondoke Mezani Mapema

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mwanza aliniandikia. Amepata ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, anaondoka Septemba kwenda Granada, kusini mwa Hispania, chuo kilekile nilichosoma mimi. Maswali yake yalikuja kwa mpigo: abebe nguo gani, chakula kikoje, ataswali wapi, ubaguzi upo au haupo. Usiku ule nilimjibu kwa kifupi. Leo namjibu vizuri, tena hapa hadharani, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo na baadhi yenu pasipoti iko kabatini inasubiri tu.

Chuo Kikuu cha Granada kilianzishwa mwaka 1531, na ni miongoni mwa vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi wa Erasmus kuliko vingi vya Ulaya. Kwa hiyo mdogo wangu, hutakuwa mgeni peke yako. Hapo ndipo penye mtego. Unaweza kumaliza mwaka mzima ukiwa na wageni wenzako, mnaongea Kiingereza, mnapigana picha mbele ya Alhambra, ile ngome na kasri ya kale ya watawala Waislamu, kisha unarudi nyumbani Hispania hujaijua. Nimewaona wa aina hiyo. Mimi nilikataa, na najivunia kwamba nilikataa.

Kupata chumba kulinitoa machozi. Kuna mwenye nyumba aliyenikubalia kwa simu, akanielekeza njia vizuri kabisa. Nilipofika mlangoni na hijabu yangu akaniambia chumba kimeshachukuliwa. Tangazo lake liliendelea kuonekana mtandaoni wiki nzima iliyofuata. Sikugombana naye. Nilitafuta kwingine, nikapata nyumba ya wasichana wawili wa mkoa wa Jaén, na Mungu alijua anafanya nini, maana wale ndio walionifungulia nchi yao.

Jaén ni mkoa wa mizeituni. Ukipita kwa basi unaona milima yote imepandwa mistari ya miti ya kijivu, hakuna inapoishia. Mmoja wa wenzangu alinichukua kijijini kwao mwisho wa juma moja wa Desemba, wakati wa mavuno, na hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli, si darasani.

Chakula cha mchana ni saa tisa. Msishangae, ndivyo walivyo: mchana saa nane au saa tisa, usiku saa tatu na kuendelea. Bibi wa nyumba alikuwa ameambiwa kwamba mimi sili nguruwe. Akaniletea sahani ya maharage, nikakuta ndani vipande vidogo vya nyama vyekundu. Nikauliza. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hiyo si nyama, ni paja kavu la nguruwe kidogo tu la kuleta ladha. Mjukuu wake akaruka kumweleza. Yule mama mtu mzima alisimama, akaniondolea sahani, akaingia jikoni, akarudi na mayai aliyokaanga kwa mafuta ya mizeituni ya shamba lao, mkate, na nyanya alizozikata mbele yangu nizione kwa macho yangu. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda pale, sufuria yangu ilikuwa ya peke yake.

Tulipomaliza kula nikanyanyuka nitoe vyombo, kama nilivyolelewa Tanga. Wote wakanitazama. Mwenzangu akanivuta mkono nikae. Kumbe chakula kikiisha ndipo kikao kinapoanza. Meza yenyewe ni ya duara, imefunikwa kitambaa kizito kinachofika sakafuni, na chini yake kuna hita ya umeme. Kila mtu anaingiza miguu humo na kuvuta kitambaa hadi mapajani. Nyumba nzima ni baridi, pua inaganda, lakini miguu iko motoni. Kahawa inakuja, machungwa yanamenywa, watu wanazungumza hadi giza linaingia: siasa, bei ya mafuta, nani kaoa, nani kahamia Barcelona. Kwa masaa yale niliambulia neno hapa na pale, maana watu wa Andalusia, eneo hilo la kusini, wanameza nusu ya herufi, na Kihispania cha kitabuni hakikunisaidia kitu. Lakini nilikaa. Nikarudi tena, nikakaa. Kufika Machi nilikuwa nabishana nao.

Ndiyo maana nakwambia: kaa mezani. Ukialikwa, nenda. Ukishakula, kaa.

Sasa swali la ubaguzi. Tarehe 5 Januari wao wana maandamano ya Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomtembelea mtoto Yesu, na watoto wanasubiri pipi na zawadi kuliko wanavyosubiri Krismasi. Mmoja wa wafalme, Baltasar, ni mweusi. Miji mingi siku hizi inamtafuta mtu mweusi kweli. Katika mji niliokwenda kutazama, alikuwa mzungu aliyepakwa masizi, na wasaidizi wake vilevile, midomo imechorwa nyekundu na kupanuliwa. Nilisimama katikati ya umati ule, pipi zinatupwa, watoto wanashangilia, mimi sijui nitazame wapi. Mtoto mmoja akamwonyesha mama yake kidole kwangu, akauliza kama mimi nimekuja na Baltasar. Mama akaona haya. Mtoto hana kosa. Lakini wale watu wazima waliokaa mbele ya kioo wakachora midomo ile, mpaka leo nikiwakumbuka nachukia.

Kesho yake, tarehe 6, tukala ule mkate mtamu wa duara wa sikukuu, nami nikalisema pale mezani. Mjomba wa mwenzangu alikasirika, akasema ni mila, hakuna nia mbaya. Mjukuu akanitetea hadi sauti ikapanda. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kwetu watoto wangelia wakiona hivyo. Nikamwambia wangeuliza kwa nini wanachekwa. Hatukumaliza mjadala ule, na sina hakika kama mjomba alinielewa. Ila nilisema, tena kwa lugha yao. Mdogo wangu, usimeze maumivu ukayarudisha nyumbani yameoza. Sema mbele ya watu wanaokupenda, wao ndio watakaokusikia.

Na usiogope kila kinachokushtua. Wiki Takatifu, ile ya kuelekea Pasaka, utaona watu waliovaa kofia ndefu zilizochongoka, nyuso zimefunikwa, na kama umetazama filamu za Marekani moyo utasimama. Mavazi hayo ni ya wanaotubu, ni ya kale kuliko Ku Klux Klan, kundi lile la kibaguzi la Wamarekani, na hayana uhusiano nalo. Mwaka wangu, 2023, Wiki Takatifu iliangukia ndani ya Ramadhani. Jua lilikuwa linazama karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo futari yangu ilikutana na chakula chao cha jioni, na wenzangu wakawa wananisubiri adhana ya kwenye simu ndipo washike vijiko. Alhamisi Kuu usiku wa manane tukashuka pamoja kwenye maandamano ya kimya: taa za mtaa zinazimwa, ngoma moja inapigwa taratibu, na msalaba unapita gizani. Nilikuwa Mwislamu pale, nikabaki Mwislamu, na nililia.

Kuswali: Msikiti Mkuu wa Granada uko juu Albaicín, mtaa wa kale wa mlimani, karibu na kanisa la San Nicolás, ulifunguliwa mwaka 2003. Ukiwa uani pale unaitazama Alhambra uso kwa uso. Nyama halali utaipata kwa wachinjaji Wamoroko, uliza tu. Nguo beba za baridi kweli, mji uko chini ya milima ya Sierra Nevada yenye theluji na nyumba nyingi hazina joto la maana. Ukifika, jiandikishe kwanza manispaa kwamba unaishi hapo, na ndani ya mwezi mmoja uombe kitambulisho cha mgeni. Miadi inaadimika, kwa hiyo anza kuitafuta wiki ile ile unayotua. Na wakikualika kijijini mwisho wa juma nawe una mtihani Jumatatu, beba daftari, nenda.