Hendibreki haishiki, taa inamulika miti

SWALI: Fundi habari, niko Uyole, Corolla yangu ya zamani inaenda kukaguliwa na trafiki, hendibreki navuta mpaka juu bado inateleza kilimani, taa moja nayo inamulika juu ya miti. Nifanyeje?

JIBU: Usikimbilie kukaza waya wa hendibreki ndugu yangu, wengi ndo wanapokosea, anza na breki za nyuma: weka mawe tairi za mbele, piga jeki, shusha hendibreki, kaza ajasta (kirekebishio cha breki) ya ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la breki za nyuma, mpaka tairi lizunguke kwa kukwaruza kidogo tu, halafu ndo uje kwenye waya. Ukizidisha kukaza, dramu inachemka, na mteremko wa Kitonga hautanii. Taa rahisi: jaza tairi upepo, paki tambarare mita 7 hivi toka ukutani, washa dimu (taa za chini), zungusha skrubu ya nyuma ya taa mpaka mwanga ukae chini kidogo ya usawa wa taa yenyewe.