Nikifika Mwanza, Baiskeli Niiweke Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kusafiri peke yangu kwa baiskeli kutoka Musoma hadi Bukoba, na nimepanga kupumzika Mwanza siku mbili. Jiji hilo nalijua kwa stendi yake ya mabasi tu. Je, nilizunguke nikiwa juu ya baiskeli au niende kwa miguu? Nikienda kwa miguu nianzie wapi, na mtu asiye na mwenzake ajihadhari na nini?
Msomaji, Musoma

JIBU: Ndugu yangu, baiskeli iache. Mimi nilipofika Mwanza kwa mara ya kwanza niliizungusha mjini ikiwa na mzigo wote kwenye keria, na siku nzima macho yangu yalikuwa kwenye daladala na bodaboda, hata jioni ilipoingia sikuwa nimeona kitu cha kusimulia. Tafuta nyumba ya wageni yenye chumba cha chini, na kabla hujalipa hakikisha kwamba baiskeli itaruhusiwa kulala humo chumbani pamoja nawe, kwa maana uani si mahali pake hata kama mlinzi yupo.

Asubuhi ya kwanza mapaja yatakuwa yamekaza, kwa hiyo anza na njia ya tambarare. Wahi mwaloni Kirumba, uone sangara na sato wakipimwa kwenye mizani na magunia ya dagaa yakishonwa tayari kwa safari, mengine mpaka Kongo. Kutoka hapo fuata barabara ya Makongoro uingie katikati ya jiji, kisha uteremke hadi Kamanga, ambako utaliona Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni, likiwa limekaa juu ya mawe mengine majini kana kwamba mtu amelitua kwa mikono. Ukiwa na nguvu, endelea hadi Capri Point, upande mashua kwenda Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, tena ndogo kuliko zote nchini, yenye kilomita za mraba 2.18 tu.

Hata hivyo, nakusihi siku ya pili uitoe yote kwa vilima, kwa kuwa huko ndiko miguu inakofika na baiskeli haifiki. Panda Bugando au Igogo. Njia hupenya katikati ya majabali makubwa kuliko nyumba, mahali pengine zikiwa ni ngazi za saruji, mahali pengine mwamba mtupu uliolainishwa na nyayo za watu. Nyumba zimeegemea mawe hayo, na mengine yamegeuka kuwa ukuta wa nyuma wa jiko au pa kuanikia nguo. Nilimwona mama mmoja akipanda na ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja ukigusa jiwe kila alipokata kona, bila kutazama chini hata mara moja. Mimi nyuma yake nilikuwa nikitambaa. Vaa viatu vya soli ya mpira isiyo ngumu, na mvua ikinyesha ahirisha, kwa maana mwamba uliolowa huteleza vibaya.

Kumbuka kwamba njia hizo hupita katika nyua za watu. Salimia kila unayemkuta. Ukisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka" asubuhi au "Mwadila" mchana, mara nyingi utaonyeshwa njia kabla hujauliza, na kwa mtu aliye peke yake huo ni ulinzi wa kweli. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, beba fedha za siku hiyo tu, na uteremke kabla ya magharibi. Upepo wa ziwa usikudanganye, kwa kuwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, ambako jua huchoma hata usiposikia joto. Kofia na maji ni lazima.

Kwa safari ya Bukoba una njia mbili: Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, au kivuko cha Kamanga kinachokuvusha upande wa Sengerema. Ukichagua kivuko, ulizia ratiba siku ile ya kwanza utakapokwenda kuliona Jiwe la Bismarck, kwa kuwa gati liko jirani.