Mama ana saratani, kaka hataki aambiwe: jibu la muuguzi

Mleta mada, pole sana na kuuguza. Umesema mama ana miaka 61, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yametoka na ni saratani ya shingo ya kizazi. Kaka yenu mkubwa kaitisha kikao, kikao kikapitisha kwamba mama aambiwe ana "kidonda kwenye kizazi", basi. Unauliza kama wewe kitinda mimba una haki ya kubisha.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 15 sasa hapa Dar, na uongo huohuo nimewahi kuubeba mwenyewe.

Alikuwa mama wa umri huohuo, katoka Rufiji kuja kwa binti yake Mbagala. Ndugu walinivuta pembeni: "Sista, mwambie ni kidonda, ana presha." Nikakubali. Shikamoo mama, ni kidonda tu, kitakauka. Sasa mionzi ya ugonjwa huu kwa kawaida ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano hivi, kisha inafuata ile ya ndani, inayowekwa kwenye shingo ya kizazi yenyewe. Wiki ya tatu damu iliyokuwa ikimtoka ikakata. Jiweke kwenye nafasi yake: kidonda kimekauka, tumbo linaharisha kwa mionzi, nauli inamtoka binti kila siku, na mpunga shambani unaliwa na ndege. Akafunga kanga zake akarudi kwao. Kwa alichoambiwa, aliamua sawasawa kabisa.

Alirudi baada ya miezi minane, mguu mmoja umevimba, saratani imeshasambaa. Akaniuliza, "Sista, kile kidonda si mlisema kitakauka?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Halafu hapa mjini unamficha nani? Barua ya rufaa imeandikwa Ocean Road, taasisi ya saratani. Konda anajua pale panatibiwa nini, dereva wa bajaji anajua, jirani anajua. Akikaa benchi asubuhi moja na kina mama wenzake, atajua. Ila atakuwa ameambiwa na mtu baki, na atajua pia kwamba ninyi mlijua. Nimeona nyumba ambazo mama ananyamaza ili watoto wasiumie, watoto wananyamaza ili mama asiumie, kila mtu analia bafuni kwa zamu.

Sisemi kaka yako ni mbaya. Kwetu ugonjwa ni wa ukoo, na likiharibika jambo ndiye atakayeulizwa. Na sisi watumishi tumechangia hofu hiyo. Nimemshuhudia daktari kijana akimwambia bibi wodini, pazia wazi, "Una si-ei, steji thrii," yaani saratani, hatua ya tatu, akahamia kitanda cha pili. Bibi akanigeukia: "Steji ndiyo dawa gani?"

Ninachofanya siku hizi ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Ombeni chumba, mlango ufungwe, mama awepo na kaka awepo. Daktari aanze hivi: "Mama, mpaka sasa umeelewa nini kuhusu ugonjwa wako? Ungependa tukueleze wewe yote, au tuzungumze na mwanao?" Wapo wanaojibu, "Mwambieni mwanangu, mimi nitibuni tu." Hapo kaka abebe, hakuna shida, maana mwenye mwili ndiye aliyemkabidhi. Ila fomu ya ridhaa ya matibabu ataweka dole gumba yeye, na mtu haridhii tiba asiyoijua.

Akitaka kujua, saratani itajwe kwa jina lake, mara moja, kisha mnyamaze. Msikimbilie "lakini utapona". Mwacheni avute kanga ajifute. Wengi niliokaa nao, swali la kwanza halikuwa kifo, lilikuwa wajukuu watabaki na nani.

Kuhusu kaka, usibishane naye kikaoni, utaonekana umekosa adabu na hoja yako itafia hapo. Mtafute mama mdogo au mjomba ambaye kaka humsikiliza, mweleze habari ya yule mama wa Rufiji, aende akazungumze na kaka wawili tu. Fanya wiki hii, kabla mionzi haijaanza.