Nani kaua? Hesabu wageni kabla ya kuchagua mchezo

Mwenye kuandaa karamu ya mchezo wa upelelezi, ambapo wageni huigiza au kuchunguza kesi ya kubuni na kumtafuta muuaji, huanza na hadithi: kasri, meli ya kitajiri, hoteli ya kifahari. Anza na karatasi tupu. Andika majina ya wageni, na mbele ya kila jina weka alama mbili: huyu hufika kwa wakati au hafiki, na huyu ni mtu wa kuigiza mbele za watu au atakaa kimya. Alama hizo ndizo zitakazochagua mchezo, na mara nyingi zitaukataa ule ulioupenda.

Unaojulikana zaidi ni mchezo wa mezani. Ndani ya boksi mna vijitabu 6 hadi 8, kila mgeni na chake, na kila kijitabu ni mhusika mmoja. Mchezo huenda kwa duru 3 au 4. Kwenye kila duru unafungua ukurasa wenye mambo ya kusema na mambo ya kuficha. Muda wake ni kama saa mbili hadi tatu. Udhaifu wake ni kwamba vijitabu vimefungamana. Mwenye kijitabu cha daktari asipokuja, mpishi hana wa kumtolea ushahidi, na kesi haifumbuki hata mkikesha. Tena kwa Mombasa, asiyekuwepo huenda yuko njiani: anasubiri feri Likoni, au amekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali. Waite watu saa moja na nusu jioni kwa mchezo utakaoanza saa mbili na nusu, baada ya Isha, na huo muda wa katikati uwe wa vitafunio.

Kabla ya kulipia boksi, soma maelezo ya nje uone mambo mawili. La kwanza, kama kuna wahusika wa hiari wanaoweza kuachwa bila kesi kuharibika. La pili, kama muuaji anajijua tangu mwanzo au anaambiwa duru ya mwisho. Kwa wageni wasioweza kusema uongo wakabana kicheko, chagua ule wa kuambiwa mwishoni. Kama anajijua tangu mwanzo, kijitabu chake mpe mtu anayelala humo humo nyumbani.

Chakula nacho kina duru zake. Biriani ya mkono na vijitabu havikai meza moja; mafuta yakishaingia kwenye karatasi, ukurasa wa siri unasomeka upande wa pili. Bhajia na viazi karai mwanzo, chakula kizito baada ya duru ya pili huku vijitabu vimefungwa, kaimati na kahawa wakati wa kutaja muuaji.

Wageni wakiwa 12 hadi 30, achana na meza. Chukua mchezo wa kuzunguka, ambapo kila mtu ana kadi moja: wewe ni nani, unajua nini, unaficha nini, na mambo matatu unayotaka kuyapata kabla usiku haujaisha. Watu wanatembea, wanabadilishana habari, wanahongana kwa pesa za bandia. Huu ndio unaovumilia wachelewaji, maana aliyeingia saa tatu anapewa kadi ya hiari na kuanza palepale. Kadi za lazima wagawie wenye alama ya kufika mapema.

Mambo mawili huua mchezo huu kabla ya muuaji. Nafasi: watu 25 kwenye sebule ya fleti watapiga kelele mpaka siri zote zisikike. Unataka sebule pamoja na ua, au dari ya nyumba jioni yenye upepo. Pili ni kidokezo kukwama kwa mtu mmoja. Mgeni mwenye haya amepewa habari kwamba ufunguo uliokotwa jikoni, naye hajafungua mdomo usiku kucha. Kesi imekwisha hapo. Kila habari ambayo kesi haifumbuki bila yake iwekwe mahali patatu: kwa mtu, kwenye barua iliyofichwa, na kwa mtu mwingine aliyeisikia nusu. Mwendeshaji wa mchezo huu hachezi. Wageni wakipita 20, awe na msaidizi.

Kwa wasiopenda kuigiza kuna jalada la kesi: ripoti ya polisi, picha, risiti, maelezo ya mashahidi. Mnasoma na kujadiliana, hakuna kuvaa wala kujifanya. Boksi huandika wachezaji 1 hadi 6, lakini jalada likiwa moja, wawili wanasoma na wanne wanasubiri. Toa nakala, gawa timu za watu watatu watatu, na kwa wazee kuza maandishi. Nunua na vibanio vya karatasi, kwa sababu ushahidi wote utapeperushwa na pangaboi, na hakuna atakayekubali lizimwe.

Kama huna boksi wala hela ya boksi, kuna Mafia, uliobuniwa na Dmitry Davidoff huko Moscow miaka ya 1980. Pakiti ya karata inatosha kugawa kwa siri nani ni muuaji. Kwa watu 8 hadi 15, weka muuaji mmoja kwa kila watu watatu au wanne. Ukitangazwa usiku, kila mtu anafumba macho, kisha wauaji peke yao wanafumbua na kuchagua mtu wa kuua. Ukitangazwa mchana, watu wanabishana na kumpigia kura mshukiwa atolewe. Hauna vidokezo, ni kusomana nyuso tu, kwa hiyo anayependa kufumbua atachoka. Aliyeuawa mapema hukaa bure, basi cheza michezo mifupi ya dakika 20 badala ya mmoja mrefu. Kwa barazani hakuna unaoufikia, hata stima ikikatika.

Waigizaji wa kukodi wanafaa sherehe ya ofisi au ukumbi wa meza nyingi, kila meza ikiwa timu. Waambie walinzi mapema kwamba kutapigwa ukelele.

Sasa hadithi. Boksi nyingi zimeandikwa kwa mazingira ya Uingereza au Marekani, na watu hubadilisha majina tu wakadhani kazi imekwisha. Kidokezo cha nyayo kwenye theluji hakibadiliki kwa kubadilisha jina. Weka tope la masika au mchanga wa pwani kwenye kandambili. Herufi zilizotariziwa kwenye leso lazima zifuate jina jipya. Hatari kubwa ni saa. Kadi moja ikisema 8:15 na nyingine saa mbili na robo, nusu ya meza itadhani mshukiwa alikuwa mahali pawili. Andika saa zote kwa maneno, kwa hesabu yetu, na uongeze asubuhi, jioni au usiku.

Ulizia pia kama kuna aliyefiwa karibuni, au mama aliye kwenye eda. Hapo geuza kifo kiwe wizi: bangili ya dhahabu ya bibi harusi imetoweka usiku wa hina. Washukiwa, siri na vidokezo hubaki vilevile, ila badili kila kidokezo kinachotegemea silaha au maiti. Na jini asiwe jibu, hata kama hadithi inamtaja. Mgeni hana njia ya kumchunguza jini, atahisi amedanganywa.

Mwishoni usiruhusu watu wapige kelele za majina. Kila mmoja aandike nani, kwa namna gani na kwa sababu gani, kisha kusanya karatasi zote ndipo ufungue bahasha ya jibu. Hesabu vijitabu kabla wageni hawajaaga. Waliocheza hawawezi kuucheza tena, lakini boksi lililokamilika linaweza kuazimwa nyumba nyingine, ilhali lililopungukiwa kijitabu kimoja halimfai mtu.