Kiwanja safu ya pili ziwani: dai njia ya watu wote, usiombe gati lako

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umenunua kiwanja nyuma ya viwanja vya ufukweni, muuzaji alikutembeza kwenye kinjia cha kushukia ziwani, na sasa mwenye kiwanja cha mbele kainua ukuta. Unauliza kama halmashauri inaweza kukupa njia na kibali cha gati la boti yako. Sisi yalitukuta hayo hayo, nje kidogo ya Mwanza mjini. Mtaa wenyewe siutaji, majirani bado tunaishi pamoja.

Njia unaweza kuipata. Gati liweke pembeni kwanza, kwa sababu ukianza na gati unaharibu na njia.

Ndivyo tulivyokosea. Mzee wangu alinunua mwaka 2009, safu ya pili kutoka majini. Katikati ya viwanja viwili vya mbele palikuwa na njia, ng'ombe wanapita kwenda kunywa, akina mama wanapita na ndoo, na sisi tunashusha mtumbwi. Mtu mmoja akanunua viwanja vyote viwili, akavifunga kwa ukuta mmoja, njia ikabaki ndani. Barua yetu ya kwanza halmashauri iliomba "familia ipewe njia ya kufikia gati lake". Jibu lilikuwa la mistari minne: hakuna gati lililoidhinishwa eneo hilo, na mgogoro wa majirani upelekwe baraza la kata. Niliumia, lakini leo naona tulijibiwa sawasawa na tulichoomba. Tulijieleza kama mtu mmoja anayetaka faida yake.

Elewa jambo hili kabla hujaandika lolote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maana yake huyo jirani yako haruhusiwi kujenga cha kudumu kwenye ukanda ule, hata kama kaupanda maua na kuweka mlinzi. Na wewe pia huruhusiwi. Waliojenga wakidhani mita 60 ni maneno ya ofisini waliyaona maji ya 2020 yalipopanda: vyoo, kuta na migomba viliingia ziwani. Kwetu maji yalisimama hatua chache tu kutoka kwenye ule ukuta.

Aliyetufungua macho ni mwenyekiti wa mtaa. Alituambia, "Hati yenu haiwezi kuwasaidia, inaonyesha kiwanja chenu tu. Katafuteni mchoro." Mchoro wa mipango miji ndio unaoonyesha barabara, vichochoro na maeneo ya wazi yaliyotengwa kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Tuliomba nakala idara ya ardhi, tukalipia, tukapewa karatasi iliyofifia hadi unaiinamia. Afisa akaweka rula, akahesabu: njia ya mita 6, kutoka barabara ya mtaa moja kwa moja hadi kwenye ukanda wa ziwa. Haikuwa ya mzee wangu wala ya yule bwana. Ilikuwa ya umma.

Barua ya pili tukaiandika upya kabisa. Hatukutaja boti. Tulisema njia ya umma imezibwa, tukaambatisha nakala ya mchoro, muhtasari wa mkutano wa mtaa na saini za kaya 34. Ya kwanza ilikuwa dole gumba la mayu (mama) mmoja jirani yetu. Tangu ukuta ujengwe alikuwa anazunguka hadi mwaloni, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, kuchota maji ya kufulia, na kurudi na ndoo kichwani kulimchukua karibu saa nzima. Mkutanoni alisimama akasema kwa Kisukuma kwamba njia ile aliikuta alipoolewa. Hakuongeza neno. Naamini kauli yake ilikuwa na uzito kuliko kurasa zetu zote.

Baada ya miezi kadhaa mpima akaja. Bikoni ya kwanza, yaani alama ya zege ya mpaka, ilionekana, ya pili ilikuwa imefukiwa. Vijana wakachimba chini ya mwarobaini mpaka jembe likagonga zege. Futi kamba ikavutwa, ukuta ukakutwa umekatiza njia upana wote.

Hapo usidhani mambo yameisha. Yule bwana aliomba kubadilisha matumizi ya njia ili iunganishwe na viwanja vyake, na ombi likafika kamati ya mipango miji na mazingira. Tungelala, lingepita kimya kimya. Diwani ndiye aliyetutonya, tukaweka pingamizi kwa maandishi. Kwa haki, hoja yake haikuwa ya uongo: aliibiwa injini ya boti, na wezi walitokea upande wa maji. Lakini wizi unatibiwa kwa taa na sungusungu. Huwezi kufungia kaya 34 maji kwa sababu ya mwizi mmoja. Kamati ilikataa ombi, ukuta ukavunjwa sehemu ya njia, naye akajenga kuta mbili za pembeni kwenye mipaka yake halali. Leo tunasalimiana.

Kuhusu baraza la kata: nenda, lakini jua kwamba tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halihukumu. Mkishindwana, baraza la ardhi na nyumba la wilaya ndilo linalosikiliza. Na ukitaka kuishtaki halmashauri yenyewe, lazima kwanza uipe notisi ya siku 90, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Kwa kinjia cha mita 6 mimi nisingeanzia huko.

Kama eneo lenu halijapimwa, mchoro haupo na kazi inabadilika. Tafuta wazee wanaoijua njia, iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yasiyopimwa) ukifika simamia ichorwe kabla mchoro haujapitishwa. Au mkubaliane na jirani akupe haki ya kupita kwenye ardhi yake kwa maandishi, na isajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Ahadi ya mdomo inakwisha siku akiuza.

Sasa gati. Gati la kudumu linaingia kwenye zile mita 60 na majini kabisa, kwa hiyo utakutana na mamlaka ya mazingira ya taifa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ukipakia abiria au mizigo TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wanahusika pia. Bandari bubu, yaani zisizo rasmi, zinafuatiliwa, na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama 2018 pale kisiwa cha Ukara, mimi nawaunga mkono. Sisi hatukujenga. Mtumbwi tunauvuta mchangani juu ya mbao mbili tunazoziondoa jioni, na ule wa injini unalala kwenye mwalo, chini ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachousimamia), ambako kuna mlinzi na tunachangia kama wengine.

Kwa hiyo wiki hii usimwandikie mtu barua. Nenda idara ya ardhi na namba ya kiwanja na kitalu chako, omba nakala ya mchoro wa eneo zima, si wa kiwanja chako peke yake. Ukiipata, niambie hapa njia imeandikwa mita ngapi na inaishia wapi. Kama inaishia kwenye ukuta wake bila kufika ukanda wa ziwa, barua yako itabidi iandikwe tofauti na yetu, na nitakusaidia kuiandika.