Kabla ya Kuuza Nyumba ya Familia, Andika Barua TRA

Wiki iliyopita dada mmoja wa Pasua aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Dalali anasema nikiuza nyumba TRA watachukua asilimia kumi ya bei yote. Ni kweli?" Swali hili nimeulizwa na wengi mno, acha leo nilijibu mara moja kwa wote.

Si kweli. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, hutoza asilimia 10 kwenye faida, yaani bei ukishatoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Na kama nyumba umeimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi, na umeishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, hata kwa vipindi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakusamehe, mradi faida isizidi shilingi milioni 15.

Kwangu utata ulikuwa kwenye hiyo miaka ya kuishi. Nyumba yetu ya Rau tulihamia 2009. Mwaka 2014 kazi ikanipeleka Dodoma, tukaweka wapangaji, tukarudi 2020. Mnunuzi alipotokea na milioni 68, huku gharama zetu zenye risiti zikifika milioni 55, kila mtu akageuka mwanasheria. Dalali alitaka mkataba usomeke milioni 30. Shemeji yangu, tena mbele ya wageni, akasema Mwalimu anapenda kuandika barua kuliko kula. Sijalisahau neno hilo.

Barua nikaandika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakuruhusu kumwomba Kamishna Mkuu wa TRA uamuzi wa maandishi juu ya jambo lako mwenyewe, hata kabla hujalifanya. Uamuzi huo unamfunga yeye, kwa sharti kwamba umeeleza kila kitu kwa ukweli na mauzo yakaenda kama ulivyoeleza. Jibu la mdomo la dirishani halikulindi hivyo, hata kama aliyekujibu ni mtu mwema.

Nilieleza yote: tulihamia lini, tuliondoka kwa nini, wapangaji walikaa hadi lini, na kodi tuliyoilipa TRA kwa mapato ya pango. Nikaambatisha hati, mkataba wa kiwanja, risiti za saruji, nondo na mabati, nyingine za zamani zimeandikwa kwa kalamu na wino umeanza kufifia. Dalali aliposikia nimetaja wapangaji akasema najichongea. Kipindi cha kusubiri nakiruka, hakina habari. Jibu lilipofika lilisema miaka yetu ya vipindi inahesabika na faida ile ya milioni 13 haitozwi. Nililisoma kwa sauti sebuleni, shemeji akiwepo. Ndiyo, nilikusudia.

Sasa ninyi mnaopenda njia za mkato, nisikilizeni. Bei ya uongo kwenye mkataba ni siri unayowakabidhi dalali na mnunuzi, na siku mkikosana wataitumia. Mnunuzi naye anaumia: akija kuuza, gharama yake kwenye karatasi ni hiyo milioni 30. Na msajili wa hati hahamishi umiliki bila cheti cha TRA kinachoonyesha kodi imelipwa au haidaiwi. Andika barua kabla ya kusaini, si baada.

Risiti tunza. Narudia, tunza risiti! Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani ya nyumba iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Kwa bei yetu ingekuwa shilingi 2,040,000, hata kama faida ilikuwa ndogo.

Wewe dada wa Pasua, umesema nyumba aliiacha baba. Basi usikimbilie TRA kwanza. Tazama hati ina jina la nani. Kama bado ni la marehemu, nendeni mahakamani mkamteue msimamizi wa mirathi, ndugu wote wakijua, kisha uniandikie tena ukiwa na nakala mkononi.